Meneja anataka asilimia 40, nisaini?

Mdogo wangu wa Ilemela, umeuliza kama ni sawa kumpa meneja asilimia 40 wakati bado unaimba kwenye mahoteli ya Capripoint na harusi za Igoma, mi nakwambia usisaini kabisa. Kwa kawaida meneja anachukua 15 mpaka 20 hivi, tena kwenye kazi anazokutafutia yeye, sio hela ya nyimbo ulizotunga kabla hajakujua. Unayemhitaji sasa hivi ni mwanasheria, wala sio wa kumlipa kila mwezi, unampelekea tu huo mkataba akusomee, aangalie unaisha lini, unatokaje, na masta za nyimbo, yaani zile rekodi halisi za studio, zinabaki kwa nani, maana hapo ndo vijana wengi wanaliwa na inauma sana kuona. Hela ya shoo mpe mtu mwaminifu anayejua kuandika daftari, hata dada yako, ila asiwe huyohuyo meneja jamani. Prodyuza nae mwandikiane asilimia zenu kabla hujatoka studio. Halafu kazi zako zisajili COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, na wewe mwenyewe BASATA, baraza la sanaa la taifa, afisa utamaduni wa manispaa atakuelekeza. Huyo jamaa akikataa mkataba usomwe na mwanasheria achana nae, nakuomba.