Jibu: ESP32 inajirestati kila pampu ikiwaka

Pole mdogo wangu, nimekusoma, uko Moshi na bodi yako ya ESP32 (kompyuta ndogo yenye waifai) ya kumwagilia mboga inajizima kila pampu ikiwaka, na 7805 (kile kipande kinachoshusha umeme hadi volti 5) inachemka hadi haishikiki. Hapo usihangaike na kodi za programu, tatizo ni umeme. Betri ya sola ikichajiwa inafika volti 14 hivi, 7805 inatoa 5, hizo 9 zinazobaki zote zinakuwa joto, yaani kwa ampea 0.3 tu ni karibu wati 3, bila bati la kupoozea haitoboi, na waifai ikiwaka ESP32 inavuta ghafla hadi kama nusu ampea. Hiyo 7805 itoe kabisa. Weka moduli ya LM2596, nayo inashusha volti ila bila joto jingi, ila izungushe skrubu ukiwa na mita mpaka isome volti 5 KABLA hujaunganisha bodi, halafu ingiza kwenye pini ya 5V, siyo 3.3V utaiua.

Pampu sasa, mi naona ndo mchawi mwenyewe. Waya zake zitoke moja kwa moja kwenye betri kupitia rile (swichi inayowashwa na bodi), zisipite njia moja na za bodi, na weka daiodi 1N4007 kwenye ncha za mota izuie umeme unaorudi pampu ikizimwa, mstari wake uelekee chanya. Weka na kapasita (inatunza umeme kidogo) ya 470µF karibu na bodi, usigeuze chanya na hasi, inapasuka. Fyuzi jirani na betri usiache tafadhali, shoti ya betri inawasha moto kweli.

Kama pampu ni ya volti 230, hapo ita fundi umeme mwenye leseni, maji na umeme huo vinaua.

Jaribu kwanza pampu kwa betri nyingine, ukiona bodi imetulia tuletee majibu.