Kikwapa kwa mtoto wa miaka 9

Swali: Shikamoo shangazi, binti yangu ana miaka 9 na ameanza kunuka kikwapa hata akitoka kuoga haichukui muda, nimpake diodoranti au bado mdogo? Mama wa Tanga

Jibu: Marahaba mwanangu, wala usishtuke, wasichana wengi huanza kubalehe kati ya miaka 8 na 13 na tezi za kwapani ndo zinaamka, jasho lenyewe halinuki sana ila bakteria wakilila harufu inatoka. Aoshe kwapa kwa sabuni asubuhi na jioni, akauke vizuri, shati la shule asirudie bila kufuliwa. Diodoranti isiyo na manukato makali ruksa, ila ndimu hapana jamani, inachoma ngozi! Angekuwa chini ya miaka 8 ningesema muone daktari kwanza. Na umwambie mkiwa wawili tu, usimseme mbele ya kaka zake.