CEA ikishuka baada ya mionzi, saratani ya rektamu (sehemu ya mwisho ya utumbo mpana) imeisha?

Si lazima, ndugu. CEA ni protini ya kwenye damu ambayo baadhi ya saratani huipandisha. Ikiwa ilikuwa juu kabla ya mionzi na dawa, kisha ikashuka chini ya 5 ng/ml, ni dalili njema, ila haithibitishi kwamba uvimbe umekwisha. Kinachoamua ni daktari kupima kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa, kamera ya kuangalia ndani na picha ya MRI, kwa kawaida wiki 8 hadi 12 baada ya mionzi. Kama tangu mwanzo ilikuwa 2, kushuka kwake hakukuambii kitu; kuna uvimbe usiomwaga CEA ya kutosha kwenye damu. Pima kabla ya kuanza matibabu, halafu rudia kipimo kwenye maabara ileile, maana mashine tofauti hutoa namba tofauti. Na mvutaji sigara, au mwenye ugonjwa wa ini, anaweza kukutwa na 7 bila saratani yoyote.