Gati la Chuma Likizeeka, Lipimwe Kabla ya Kupakwa Rangi

Wenye hoteli za Unguja na Pemba huniuliza: "Fundi, gati letu lina miaka ishirini, tulibomoe?" Nami huwauliza nguzo zina unene gani leo. Majukwaa mengi ya mafuta ya Bahari ya Kaskazini yalijengwa kwa hesabu ya miaka 20 hadi 25, na yapo yaliyoipita zamani yakiwa bado kazini, kwa sababu yanakaguliwa na kupimwa.

Nguzo hailiwi na kutu sawasawa. Maradhi makubwa hukaa kwenye mkanda unaorushiwa mawimbi maji yakijaa, na tena chini kidogo ya maji ya kupwa. Kwa hiyo ngojeni bamvua, mshuke maji yakiwa yametoka. Bandueni chaza kwa patasi, pigeni brashi ya waya mpaka chuma king'are, ndipo muweke kipimo cha unene kinachotumia mawimbi ya sauti. Tieni alama, mwakani mpime papo hapo. Kule Pemba niliikuta nguzo imepakwa rangi safi, inapendeza; nilipoigonga, nyundo ikazama ndani.

Hesabu yenyewe si ngumu. Tuseme nguzo ilikuwa na milimita 10, na baada ya miaka 15 zimebaki 7: inapoteza 0.2 kwa mwaka. Mhandisi akisema kikomo ni 5, mnayo kama miaka 10, kutu ikienda mwendo ule ule. Na mzigo je? Gati la abiria hupandishwa tangi la lita 5,000, yaani tani tano za maji, bila mtu kuulizwa.

Vipande vya zinki vifungwe, viliwe badala ya chuma, ila vinalinda kilichozama tu. Ule mkanda wa juu uzungushiwe utepe wa grisi na gamba gumu la plastiki. Nguzo iliyokonda sana msiichomelee kiraka, moto utaitoboa. Ivisheni kola ya chuma ya vipande viwili, ikazwe bolti, katikati pamiminwe saruji laini.

Jambo la mwisho ni vishikio vya taa na bomba. Machi 1980 jukwaa la Alexander L. Kielland lilipinduka huko Bahari ya Kaskazini, wakafa watu 123. Halikuwa zee, halikutimiza hata miaka minne. Ufa ulianzia kwenye uchomeleaji mdogo wa kushikilia chombo cha kusikilizia sauti majini. Vishikio vyenu msivichomelee, vifungeni kwa klampu na mpira.