Jibu: Baba kastaafu, hataki kutoka nje

Dada yangu, umeuliza umfanyeje baba hapo Wete, miaka 71, tangu astaafu anashinda chumbani na redio yake, hazungumzi. Usimwambie "toka ukatembee", hatoki ng'o. Mtafutie cha kumvuta.

Babaangu mimi alivutwa na bao. Mashimo 32, kete 64, na lazima upige hesabu kichwani kabla hujatia mkono. Siku za mwanzo alikaa pembeni ya baraza, kazi kukosoa wenziwe. Wiki ya pili nikamsikia anagombana na jirani kwamba karuka shimo makusudi. Nikacheka peke yangu jikoni, nikajua karudi.

Masikio je, yamepimwa? Asiyesikia vyema huona haya kuuliza mara mbili mbili, mwisho hunyamaza, na kutosikia ni katika mambo yanayozidisha hatari ya kupoteza kumbukumbu. Kahawa aimalize alasiri, isimharibie usingizi.

Ila akianza kupotea njia ya msikitini aliyoizoea, au kususa chakula siku nenda siku rudi, usikubali wakwambie ni uzee tu. Mpeleke hospitali.