Usishike kamera kabla sehemu ya mwisho haijaandikwa: jibu kwa mwenye tamthilia ya kusafiri katika wakati

Mkuu, simamisha hiyo kazi. Hata kama umeshalipa kianzio cha kamera na umeshawatangazia ndugu na jamaa, simamisha kwanza. Umeandika kwamba mwezi ujao unaanza kurekodi tamthilia ya kijana wa Dar es Salaam anayerudi Kilwa ya mwaka 1331, kisha anapitia Vita vya Maji Maji, kisha anarejea leo, na umeuliza utumie kamera gani, mashine ya kusafiria itengenezwe vipi, mikataba ya waigizaji iweje, na kituo cha televisheni kishawishiwe namna gani. Katikati ya maswali hayo umechomeka sentensi moja kana kwamba ni jambo dogo: sehemu ya kwanza iko tayari, saba zilizobaki mtaziandika mkiendelea. Nilikuwa nimeapa kutozungumzia tena mambo haya, ila sentensi hiyo imenitoa kiapo.

Ninajua ulikolipata wazo hilo, kwa sababu na mimi nililipata hukohuko. Kwetu alikuwepo mshauri, ambaye jina lake ninalihifadhi kwa heshima ya watoto wake, aliyekuja na cheti cha semina ya ughaibuni na kutuambia kwamba hadithi ya kusafiri katika wakati ndiyo rahisi kuliko zote, kwa kuwa hujirekebisha yenyewe: ukikosea mahali, mhusika anarudi nyuma na kusawazisha. Tukampigia makofi. Kisha tukamlipa, jambo ambalo mke wangu hunikumbusha kila ninapomwambia kwamba kitu fulani ni ghali.

Ushauri huo haukuzuka hewani. Tamthilia nyingi za kila wiki huandikwa hivyohivyo, na kwa hadithi za mirathi, wake wenza na baba mwenye nyumba mkorofi, njia hiyo haina ubaya. Mwigizaji akigomea posho, mwandishi anampa ajali ya gari huko Chalinze au anampeleka masomoni nje ya nchi, na wiki inayofuata shangazi yake anaingia kuziba pengo. Hadithi inakwenda mbele tu, kwa hiyo kilichokwisha kurushwa kimekwisha. Kwenye kusafiri katika wakati, kila ulichokirusha ni deni, kwa sababu mhusika atarudi palepale, saa ileile, akiwa upande wa pili wa barabara, na mtazamaji aliyeirudia sehemu ya kwanza mara kadhaa kwenye simu yake atakuwa anasubiri kuona kama kikombe bado kipo mezani. Huwezi kumwua kwa ajali ya gari mtu ambaye watazamaji wameshamwona akiwa mzee.

Hadithi yetu ilihusu Unguja, tarehe 27 Agosti 1896, siku ambayo manowari za Kiingereza zilishambulia kasri la Sultani kwa sababu Khalid bin Barghash alikalia kiti bila ridhaa yao. Mizinga ilianza kulia saa tatu na dakika mbili asubuhi, na kwa hesabu inayotajwa zaidi vita vilikwisha baada ya dakika 38. Ufupi huo ndio ulionivutia. Msichana wa leo anaangukia ndani ya dakika hizo, anatoka, anarudi tena, na kila sehemu inazionyesha dakika zilezile kutoka mahali pengine: ndani ya kasri, kwenye Glasgow, ile merikebu ya Sultani iliyozamishwa bandarini, na kwenye ubalozi mdogo wa Ujerumani alikokimbilia Khalid. Hadi leo ninaliona kuwa wazo zuri, na asiyekubali alete lake.

Tulianza na tukio la Forodhani, la wakati wa leo, nalo tulilirekodi mwaka 2019. Ni jioni, msichana ameketi ukingoni mwa bahari, Beit al-Ajaib, lile jumba la kale la Sultani, ipo nyuma yake, na mnara wa saa unaonekana wote juu ya bega lake. Bibi kizee mwenye buibui anapita, anamtia ufunguo wa shaba kiganjani, anasema, "Usiingie kabla ya saa tatu," kisha anaondoka upesi kuelekea Ngome Kongwe. Tulirekodi upande wa msichana tu. Bibi huyo alikuwa mama mmoja wa palepale tuliyemwomba avae buibui atusaidie, kwa kuwa angeonekana mgongo na mkono peke yake. Mwigizaji wa kweli tungemtafuta baadaye, tukishajua bibi ni nani. Ndiyo, umesoma vizuri: tulimrekodi mhusika ambaye sisi wenyewe hatukumjua.

Tukarusha sehemu tatu, na watu wakazipenda. Swali lililojaa kwenye maoni lilikuwa moja, bibi ni nani, na jibu zuri nalo lilikuwa moja: bibi ni msichana yuleyule, aliyekuja kukwama katika miaka ya 1970 na kuzeeka akiisubiri jioni ile. Mshauri alifurahi mno, akasema hadithi imejirekebisha. Lakini mwandishi wetu, aliyekuwa akiandika usiku kile tulichokihitaji asubuhi, katika sehemu ya tatu alikuwa ameshamchoma msichana huyo kipande cha kombora gotini na kumwacha kilema wa kudumu, na sote tulikuwa tumemsifu mwigizaji kwa jinsi alivyochechemea. Bibi wa Forodhani, kwa upande wake, alitembea kama mtu anayewahi boti ya mwisho ya Dar es Salaam. Zaidi ya hayo, alitoa ufunguo kwa mkono wa kushoto, mkono uliopakwa hina hadi kwenye kifundo, na picha ilikuwa ya karibu kiasi kwamba ungeweza kuhesabu maua.

Tukakubaliana turudi Forodhani kulirekodi tukio lote upya kwa pande zote mbili, bibi akichechemea, na tuzushe sababu ya kwa nini mara hii limekwenda tofauti. Tukiwa bado tunatafuta fedha, tarehe 25 Desemba 2020, upande wa mbele wa Beit al-Ajaib uliporomoka pamoja na mnara wake, jengo lililosimama pale tangu 1883. Watu wawili walipoteza maisha, na mbele ya msiba wa namna hiyo shida ya tamthilia si kitu cha kusimuliwa kwa uchungu. Ninakutajia ili uelewe kwamba upande wa pili wa tukio ulioliahirisha haukusubiri. Kijana mmoja fundi wa kompyuta alituahidi kuujenga mnara ndani ya picha, na kwa kweli aliujenga: kamera ikitulia ulipendeza, kamera ikisogea uliyumba kama mnazi wakati wa kusi.

Majengo hayakuwa peke yake. Mvulana aliyecheza tarishi wa kasri, ambaye kwa hadithi yetu alitakiwa kubaki na umri uleule ndani ya dakika zilezile, alirudi kwetu akiwa na sauti nzito na kunitazama kutoka juu. Askari mkuu wa Khalid alikuwa ameshapata ajira Muscat, na aliponipigia simu ya video nilikuta amenyoa zile ndevu tulizomsihi azifuge. Mshauri alipoulizwa tufanye nini, alijibu kwamba yeye alitoa mwelekeo na utekelezaji ulikuwa wetu. Tamthilia iliishia sehemu ya tano. Kwenye maoni bado wapo wanaouliza bibi ni nani. Mimi ninamjua, ila sina fedha ya kuwaambia.

Wala usijidanganye kwamba haya ni matatizo ya wasio na mtaji. Filamu ya Back to the Future ya mwaka 1985 iliishia kwa mzaha: mvumbuzi anawapakia kijana na mpenzi wake kwenye gari, wanapaa kwenda wakati ujao. Muendelezo haukuwa umepangwa. Ulipohitajika, waandishi walijikuta wana binti ndani ya gari wasiyejua wamfanye nini, wakamtia usingizini kwa sehemu kubwa ya hadithi; na kwa kuwa mwigizaji wa kwanza, Claudia Wells, hakurudi, lile tukio la mwisho lilirekodiwa upya na Elisabeth Shue kwa ajili ya filamu ya 1989. Hao ni watu wa Hollywood, wanaoweza kujenga mtaa mzima kwa ajili ya filamu. Wewe una Noah ya kukodi.

Kwa hiyo kanuni ni hii, na sina nyingine ya kukupa: usirekodi hata sekunde moja kabla sehemu ya mwisho haijaandikwa yote, na kila tukio litakaloonekana mara mbili lirekodiwe siku moja, kwa pande zote mbili, na waigizaji walewale, hata kama upande wa pili utatumika katika sehemu ya nane. Ukimaliza, waondoe watu wote na urekodi mandhari tupu kamera ikiwa palepale, ili siku ukihitaji kubandika kitu uwe na mahali pa kukibandika. Mwongozaji wako atanung'unika kwamba unapoteza mwanga wa jioni. Mwache anung'unike.

Ili uweze kuifuata, bandika ukutani karatasi ndefu yenye mistari mitatu, kwa sababu hadithi ya namna hii ina mipangilio mitatu isiyofanana. Wa kwanza ni wa kalenda, nao ndio unaotawala majengo, mavazi na vyombo. Wa pili ni wa maisha ya mhusika mwenyewe, nao ndio unaotawala makovu, nywele, umri na vitu alivyonavyo mfukoni, bila kujali yuko mwaka gani. Wa tatu ni wa mtazamaji, yaani nini amekwisha kukijua na nini bado. Goti la msichana wetu lilikuwa kosa la mstari wa pili, na kama karatasi hiyo ingekuwepo, mtoto wa darasa la sita angeligundua. Kwenye mstari wa kwanza pia tuliumbuka: tulimwonyesha msichana akiutazama mnara wa saa mbele ya Beit al-Ajaib asubuhi ya vita, wakati mnara ule uliunganishwa na jengo katika matengenezo ya baada ya vita hivyo. Mzee mmoja wa Mji Mkongwe alinitafuta kwa simu, akanisalimu kwa adabu, akaniuliza habari za nyumbani, kisha akanipa pole. Na kama tungekuwa na tukio la bandarini la mwaka 1905, tungelazimika kuonyesha milingoti ya Glasgow ikichomoza majini, kwa maana ilibaki pale hadi 1912. Ukiwa na karatasi ukutani, mambo kama hayo yanakusaidia kumweleza mtazamaji kuwa tumefika mwaka gani bila kuandika tarehe kwenye kioo. Bila karatasi, yanakusubiri uaibike.

Tamthilia ya Kijerumani ya Dark, misimu 3 yenye sehemu 26 kati ya 2017 na 2020, huruka miaka 33 kwa 33, na wahusika wake wengi wana mwigizaji zaidi ya mmoja kwa umri tofauti. Itazame ukiwa na kalamu, uhesabu ni mara ngapi unarudishwa kwenye tukio ulilokwisha kuliona. Hakuna mtu anayeweza kuifanya kazi ile kwa kuandika usiku kinachohitajika asubuhi.

Sasa tazama hiyo Kilwa yako. Mwaka 1331 ndio mwaka ambao msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa, chini ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, na umechagua vizuri. Lakini ukivuka kwenda Kilwa Kisiwani, jengo linalokupokea ufukweni ni ngome ya kale iitwayo Gereza, na Wareno hawakujenga ngome yao pale hadi 1505. Hilo unaloliona leo lilijengwa upya baadaye zaidi, wakati wa Waomani. Jahazi la kijana wako likiingia mwaka 1331, Gereza halitakiwi kuonekana hata ukingo wake. Likiingia leo, linatakiwa. Na likiingia 1905, wakati wa Maji Maji, linatakiwa pia. Husuni Kubwa nayo, ambayo kwa mgeni wa leo ni kuta zisizo na paa juu ya jabali, kwa kijana wako itakuwa kasri la mtawala aliye hai. Maana yake ni kwamba kila pembe utakayoisimamisha kamera kisiwani inatakiwa kujulikana mapema itatumika kwa karne ipi, na ni safari ngapi za mashua utazilipia kwa kutokujua.

Mashine usiihangaikie. Filamu ya Primer ya mwaka 2004 iligharimu takriban dola 7,000 na mashine yake ni sanduku. Fedha ya kuchomelea vyuma na kufunga taa za rangi mpe mtu wa mwendelezo, yule anayekaa pembeni ya kamera na daftari akiandika mkono gani ulishika nini, ambaye sisi tulimwachisha kazi wiki ya kwanza kwa sababu mshauri alimwona kuwa gharama isiyo ya lazima.

Kituo cha televisheni kikikuambia kipelekewe sehemu moja ya majaribio ndipo kitoe fedha za nyingine, kipelekee, lakini iwe imekatwa kutoka kwenye hadithi iliyokwisha kuandikwa hadi mwisho. Na ile sehemu ya kwanza unayosema iko tayari, irudie kuisoma baada ya kuandika ya nane. Kwa uzoefu wangu utabadilisha karibu nusu yake, na kwenye karatasi hilo halikugharimu chochote zaidi ya wino. Ukimaliza, weka hapa muhtasari wa sehemu zote, ukianza na ya nane, pamoja na orodha ya matukio yatakayoonekana mara mbili. Nitausoma wote, na nina hakika yule mzee wa Mji Mkongwe naye atausoma.