ALu au piperakwini: ipi ni kali zaidi kwa mtoto?

SWALI: Daktari, binti yangu wa miaka miwili, mwenye kilo 12, aliugua malaria, akatumia ALu (dawa ya mseto, yaani atemeta na lumefantrini kwa pamoja) na kupona. Siku ya 24 homa imerudi, na kipimo cha haraka kinaonyesha malaria. Muuzaji wa duka la dawa ananishauri nimpe dawa ya mseto yenye piperakwini kwa kuwa ni kali kuliko ALu. Je, ni kweli?

JIBU: Pole kwa kuuguza, mama. Dawa zote mbili zina kiungo cha jamii ya atemisinini, ambacho hupunguza vimelea kwa kasi katika siku tatu za matibabu, na hapo hazipishani sana. Tofauti iko kwenye dawa mwenza: lumefantrini iliyo kwenye ALu huisha mwilini mapema, ilhali piperakwini hudumu kwa wiki kadhaa na kumkinga mtoto dhidi ya maambukizi mapya. Huo ni ulinzi mrefu zaidi, wala si ukali.

Kabla ya kuilaumu ALu, ambayo ni tiba ya kwanza Tanzania Bara tangu mwaka 2006, tuangalie ilivyotolewa. Mtoto wa kilo 12 hupewa kidonge kimoja kwa kila dozi, dozi sita kwa siku tatu, na dozi ya pili hutolewa baada ya kupita saa 8 tangu ile ya kwanza. Nasisitiza hili kwa sababu wazazi wengi hudhani ni saa nane ya mchana au ya usiku. Lumefantrini huhitaji mafuta ili ifyonzwe, hivyo kidonge kiende na maziwa au uji wa karanga. Piperakwini hutolewa mara moja kwa siku bila chakula chenye mafuta mengi, kwani mafuta huipandisha kwenye damu, nayo ikizidi huweza kuvuruga mapigo ya moyo.

Aidha, kipimo cha haraka hutambua protini ya kimelea, ambayo husalia kwenye damu wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Kwa hiyo usinunue dawa bado. Mpeleke leo kwenye kituo chenye hadubini. Vimelea vikionekana ndani ya siku 28 tangu aanze ALu, ni sahihi kubadilisha dawa ya mseto, na hapo piperakwini inafaa, kwa dozi inayolingana na uzito wake. Visipoonekana, chanzo cha homa kitafutwe kifuani, masikioni au kwenye mkojo. Akipata degedege, akilegea au akishindwa kunywa, mkimbize hospitali, kwa maana malaria kali hutibiwa kwa sindano ya atesuneti.